Picha zenye ukungu: lenzi haijafa

Hapa Dodoma, ukionyesha picha za kamera ya filamu zilizotoka na ukungu, jibu huja haraka: vumbi limeingia, lenzi imekufa, tafuta nyingine. Inaniuma, maana lenzi nzima hutupwa hivyo. Punje chache za vumbi juu ya kioo hazihamishi fokasi.

Kwenye kamera za zamani zinazoonyesha taswira mbili ndani ya kidirisha cha kulengea, kama Zorki-4 na FED-2, jicho lako halipiti kwenye lenzi kabisa. Kimkono kidogo nyuma ya lenzi ndicho kinachosogeza taswira ya pili, nawe huzungusha pete ya lenzi hadi zote mbili zikutane. Kamera ikianguka, au skrubu ikilegea, taswira hukutana mahali pasipo sahihi huku lenzi ikiwa salama.

Pima. Zungusha pete ya lenzi hadi alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na mwisho, lenga kitu cha mbali sana, tuseme mawe ya kilima cha Mlimwa ukiwa mjini. Taswira zisipolingana, usikimbilie bisibisi bado. Toa filamu, fungua mgongo, nyoosha selotepu ya rangi ya maziwa juu ya reli za filamu. Weka shata, pazia linalopitisha mwanga, kwenye B ili libaki wazi ukishikilia kitufe, fungua tundu la lenzi lote, shikilia kitufe. Kilima kikionekana kikali kwenye selotepu, kimepinduka kichwa chini, lenzi ni nzima: rekebisha skrubu ya kidirisha kidogo kidogo. Kikiwa na ukungu hata hapo, iache skrubu hiyo kwanza. Lenzi ndiyo iliyokaa vibaya.