Mtoto mwenye ADHD: kumtibu hakuui ubunifu wake

Katika nchi nyingi mwezi wa Oktoba hutumika kuelimisha umma kuhusu ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuelekeza umakini, kutulia au kujizuia, na kila unapofika, dawati letu hupokea swali lilelile kutoka kwa wazazi: "Mwanangu ni mbunifu sana. Mkimtibu, si mtaua kipaji chake?" Ni swali la haki. Mzazi anayeliuliza amemtazama mtoto wake kwa makini, ameona kitu cha thamani na anataka kukilinda. Tatizo ni kwamba limebeba dhana zinazomchelewesha mtoto kupata msaada.

Kwanza, si kweli kwamba ADHD yenyewe ndiyo kipaji. Mapitio ya tafiti 31 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa watu wenye dalili nyingi, lakini ambazo hazijafikia kiwango cha kuthibitishwa kuwa na ADHD, huelekea kufanya vizuri kwenye majaribio ya kutoa mawazo mengi kuhusu jambo moja, kwa mfano kutaja kila matumizi ya tofali yanayowajia akilini. Kwa waliothibitishwa, tafiti nyingi hazikuona faida hiyo. Na katika kuyachuja mawazo hadi kufikia jibu moja linalofaa, faida haikuonekana kwa kundi lolote. Mapitio hayohayo hayakuona kwamba dawa, kwa ujumla, zinapunguza ubunifu.

Tunawaomba pia wazazi waachane na zile orodha wanazosambaziana za watu mashuhuri wanaodaiwa kuwa na ADHD. Leonardo da Vinci alifariki mwaka 1519. Jina la ADHD liliingia katika mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa Marekani mwaka 1987. Hakuna aliyempima, wala aliyempima Einstein. Mtoto wa darasa la pili asiyeweza kumaliza sentensi anahitaji msaada sasa, na orodha ya wafu haimsaidii.

Dhana nyingine ni ile ya "akitaka anaweza". Mzazi anasema: anachora saa mbili bila kuinua kichwa, halafu dakika tano za hesabu zinamshinda, basi huo ni uvivu. Hapana. Umakini anao, kinachomshinda ni kuuelekeza pale unapohitajika na kuuondoa pale inapobidi. Utafiti wa picha za ubongo wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la watoto wenye ADHD lilifikia unene wake wa juu wakiwa na umri wa takriban miaka 10 na nusu, wakati kwa wenzao ni miaka 7 na nusu, na sehemu ya mbele, inayohusika na kupanga na kujizuia, ndiyo iliyochelewa zaidi. Kumwambia mtoto huyu "jipange" kila siku ni kumdai kitu ambacho bado hana.

Hapa ndipo ubunifu wake unapokwama. Mawazo anayo. Kinachomponyoka ni njia ya kutoka kwenye wazo hadi kazi iliyokamilika: kukumbuka hatua inayofuata, kukadiria muda, kurudi kwenye kazi baada ya kuiacha. Kazi ya mtu mzima ni kumshikia hayo, na wazo likabaki la mtoto.

Tuchukue mtoto mwenye hadithi kichwani ambayo mkono wake hauwezi kuifuatia. Mwache aisimulie huku simu ikirekodi, kisha asikilize na kuandika sehemu moja tu, ile aliyoipenda zaidi. Kesho sehemu nyingine. Anayejenga daraja la maboksi apewe vifaa vitatu au vinne. Rundo la vifaa humtawanya, na mipaka midogo humlazimisha kubuni. Saa iwekwe mahali anapoiona, maana "bado kidogo" haina maana kwake. Aruhusiwe kufanya kazi akiwa amesimama. Vifaa vikae wazi, kwa sababu kilichofungiwa kabatini hukisahau kabisa. Sifa itolewe palepale kwa hatua aliyoifikia: "umepata njia ya kulifanya lisianguke". Zawadi iliyoahidiwa kwa mwisho wa muhula haina nguvu kwa mtoto huyu.

Kazi ambazo hazijakamilika zisitupwe, na zisigeuzwe mzaha mbele ya wageni. Zitiwe kwenye boksi lake. Mara nyingi huzirudia, wakati mwingine baada ya miezi. Nanyi wazazi mnaopenda kunyoosha mistari: ukishika penseli, mchoro umekuwa wako.

Kwa walimu na wazazi pia, jambo moja hatutalizungusha. Kumnyima mtoto mapumziko au somo la sanaa kwa sababu hakumaliza hesabu ni adhabu isiyosaidia. Inamwondolea mwendo unaomtuliza na eneo pekee ambalo pengine anafanikiwa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinatambua haki yake ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Hakisemi "akimaliza hesabu".

Kuhusu uchunguzi, utaratibu ni huu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi zionekane kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kwa kawaida nyumbani na shuleni, na ziwe zinavuruga maisha ya mtoto. Mwongozo huo wa Marekani unataka dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na kukosa subira, au makundi yote mawili. Fomu ya mzazi na ya mwalimu hujazwa kila moja peke yake. Msikae pamoja mkazilinganisha, maana tofauti kati ya fomu hizo nayo ni taarifa. Masikio, macho na usingizi hukaguliwa kwanza. Wasichana wengi hupitwa kwa sababu wametulia, wanaota mchana, hawamsumbui mtu. Na sukari haisababishi ADHD. Hili limepimwa, na tumelieleza mara nyingi.

Kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 6, hatua ya kwanza ni mafunzo kwa wazazi, si dawa. Kwa mkubwa zaidi, dawa inaweza kuongezwa, na huambatana na ufuatiliaji wa uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mzazi akiona mtoto amezubaa, hachezi wala hachori, asiikatishe dawa kimyakimya. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba kiasi cha dawa kimezidi au dawa yenyewe haimfai, na daktari anaweza kurekebisha.

Methilifenideti, dawa inayotumika sana kutibu ADHD, imo katika Jedwali la Pili, moja ya orodha za dawa zinazodhibitiwa, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kwa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari na kwa jina la mtoto mmoja. Kumpa ndugu yake anayejiandaa na mtihani, kumuuzia jirani au kuituma kwa posta ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kama nia ilikuwa njema, na adhabu yaweza kuwa faini au kifungo. Anayesafiri nayo nje ya nchi abebe barua ya daktari na dawa katika pakiti yake halisi, na aulize mapema masharti ya nchi anayokwenda. Vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia.

Siku ya miadi, pamoja na fomu na ripoti za shule, mzazi aje na kazi chache za mtoto: michoro, daftari la hadithi, picha za alichojenga, hata zile alizoziachia njiani. Mtoto mwenyewe aulizwe alikwama wapi, na aachiwe muda wa kujibu.