Beijing haijawa mji mkuu kwa miaka 3,000, naomba tuelewane

Wiki hii nimekutana nayo tena, safari hii kwenye tangazo la kampuni moja ya utalii: Beijing, mji mkuu wa China kwa zaidi ya miaka 3,000. Chini watu wameshea, wameweka mioyo, na mmoja kaongeza kwamba ndio maana wenzetu wamefika mbali, wana makao ya kudumu tangu enzi na enzi, hawahangaiki kuhamahama. Jamani. Historia ya miji mikuu ya China ndiyo kazi yangu, ndiyo ninayofundisha, na kama kuna jambo niko tayari kulitetea popote ni hili: wale watu wamehama. Wamehama kwa vita, kwa njaa, kwa ugomvi wa familia, na yupo aliyewahamisha watu wake kwa hila. Nimelijibu hili kwenye komenti mpaka basi, sasa naliandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Miaka 3,000 ni umri wa mji. Umri wa mji na umri wa mji mkuu ni vitu viwili. Kweli pale palikuwa na mji uitwao Ji, makao ya dola ya Yan, lakini Yan ilikuwa dola moja tu kati ya nyingi chini ya wafalme wa Zhou, na hao wafalme wenyewe walikaa Feng na Hao, jirani na Xi'an ya leo, mpaka waliposhambuliwa mwaka 771 KK wakakimbilia mashariki, Luoyang. Twende harakaharaka, nasaba kwa nasaba: Qin walikaa Xianyang, Han wakakaa Chang'an halafu Luoyang, Tang Chang'an na Luoyang kwa zamu, Song wakaanza Kaifeng wakaishia Hangzhou. Kwa sehemu kubwa ya muda huo Beijing ni mji wa mpakani, wa askari na farasi. Wakhitan wa nasaba ya Liao waliupa hadhi ya kifalme mwaka 938, tena kama mmoja kati ya miji mikuu kadhaa. Wajurchen wa nasaba ya Jin wakahamishia makao yao pale mwaka 1153, ila walitawala kaskazini tu. Wamongolia wakauteka mwaka 1215, na mwaka 1267 mtawala wao Kublai akaanza kujenga mji mpya pembeni ya ule wa zamani, akauita Dadu. Song ya kusini ilipomalizwa mwaka 1279 ndipo kwa mara ya kwanza mtawala wa China nzima anakuwa na makao eneo la Beijing. Piga hesabu mwenyewe, hata miaka 800 haijafika, na katikati kuna mapengo.

Sasa tuingie nasaba ya Ming, maana hapa hata waliosoma wanateleza. Wao wanakwambia sawa, Beijing ni mji mkuu tangu 1421, kwisha. Haijakwisha.

Zhu Yuanzhang alipoanzisha Ming mwaka 1368 mji mkuu ulikuwa Nanjing. Dadu ikashushwa cheo ikaitwa Beiping. Mwaka huohuo Kaifeng ikapewa cheo cha mji mkuu wa kaskazini, na mwaka 1369 akaanza kujenga mji mkuu mwingine kabisa kwao, Fengyang, mahali pa umaskini alikozaliwa, kuta na majumba ya maana, halafu mwaka 1375 akasimamisha ujenzi akaacha. Mtu mmoja huyo, ndani ya miaka kumi. Baada yake akatawala mjukuu, lakini mtoto wake wa nne, Zhu Di, aliyekuwa amepewa Beiping kama eneo lake, akaasi mwaka 1399 akauteka Nanjing mwaka 1402. Huyo ndiye anayejulikana kwa jina la kifalme la Yongle. Mwaka uliofuata akaipandisha Beiping ikawa Beijing, kazi kubwa ya kujenga ikulu ikaenda kwa kasi kuanzia 1417, na mwanzo wa 1421 ikatangazwa rasmi. Miezi michache tu baadaye radi ikapiga, kumbi tatu kuu za ikulu mpya zikateketea zote. Maofisa waliokuwa hawautaki uhamisho wakapata la kusema, na mmoja wao, Xiao Yi, aliuawa kwa kusema.

Yongle akafa 1424. Mwanawe, Hongxi, akaamua warudi Nanjing, na mwaka 1425 ofisi zote za Beijing zikaamriwa kuongeza kwenye majina yao neno xingzai, yaani hapa mfalme yuko safarini tu, kwake ni kwingine. Hongxi mwenyewe hakumaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti. Mrithi wake hakuhama, alibaki Beijing, lakini mihuri na majina yale hayakubadilishwa mpaka 1441, kumbi zilizoungua zilipojengwa upya. Kwa hiyo kwa miaka 16 Beijing ilikuwa mji mkuu kwa vitendo na kituo cha muda kwa karatasi. Na hata baada ya hapo Nanjing ilibaki na wizara zake sita kamili, mawaziri kamili, mpaka Ming inaanguka 1644. Wengi wanasema zile zilikuwa ofisi za kupumzishia wazee na waliokosana na wakubwa. Kwa kiasi ni kweli, ila nalipinga likisemwa kijumla hivyo, maana kusini ndiko kulikokuwa na kodi na nafaka, na waziri wa vita wa Nanjing alikuwa na jeshi la kweli chini yake.

Hapa niingize la kwetu, maana nalo linakosewa. Twiga aliyepelekwa China na wajumbe wa Malindi mwaka 1415 anasimuliwa kila mara kama zawadi iliyokwenda "mji mkuu Beijing". Mwaka 1415 mji mkuu rasmi ulikuwa Nanjing, na merikebu kubwa za Zheng He, admirali wa Yongle, zilijengwa kwenye karakana za Longjiang hukohuko Nanjing. Kinacholeta utata ni kwamba Yongle mwenyewe kuanzia 1413 mpaka 1416 alikuwa kaskazini, Beijing, kwa ajili ya vita vya Wamongolia. Mfalme yuko upande mmoja, mji mkuu uko upande mwingine. Ukishaielewa hali hiyo umeelewa nusu ya somo langu.

Nusu nyingine ni kwamba dola moja ilikuwa na miji mikuu mingi kwa wakati mmoja, na vyeo vya miji vilifuata ikulu, havikufuata ardhi. Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi kwa wanafunzi. Song walikuwa na minne: wa mashariki Kaifeng, wa magharibi Luoyang, wa kusini uliitwa Nanjing lakini uko Shangqiu ya leo, na wa kaskazini uliitwa Beijing lakini ni Daming, kule Hebei. Wakati huohuo, upande wa pili wa mpaka, Liao nao wana Nanjing yao, na Nanjing ya Liao iko pale ilipo Beijing ya leo. Umeona? Baadaye Jin wakaishika Kaifeng wakaiita Nanjing. Sasa mtu anachukua kitabu cha karne ya 11, anasoma kwamba jeshi limefika Nanjing, anafungua ramani ya simu, anachora mshale mpaka mto Yangtze. Kosa la kilomita mia kadhaa, na limechapishwa na watu wenye shahada. Kabla hujaweka kidole kwenye ramani uliza kwanza: ni mji mkuu wa nasaba ipi, mwaka gani, na katika ile miji yao ni upi?

Na usidhani kwamba jina likibaki basi na mahali ni palepale. Chang'an ya Han na Chang'an ya Tang ni miji miwili. Ile ya Han kuta zake zilijengwa kati ya 194 na 190 KK, na kufikia mwaka 582 maji ya chini ya ardhi yalishakuwa ya chumvi baada ya karne nyingi za kukaliwa, mwanzilishi wa nasaba ya Sui akamwagiza mjenzi wake Yuwen Kai apime mji mpya kusini mashariki yake, Daxing. Tang waliuchukua huo wakarudisha jina la Chang'an. Ulikuwa na eneo la kilomita za mraba 84 hivi, mitaa yenye kuta zake na mageti yanayofungwa usiku. Zile kuta za Xi'an ambazo watalii wanaendesha baiskeli juu yake ni za Ming, mzunguko kilomita 13 na ushee, wakati ule wa Tang ulizidi 35. Mtu anapiga picha pale anaandika "niko kwenye kuta za Tang". Hapana ndugu yangu, umechelewa zaidi ya miaka 400.

Ya Tang yenyewe imekwenda wapi? Imebomolewa. Mwaka 904 mbabe wa kivita Zhu Wen alimlazimisha mfalme ahamie Luoyang, akaamuru majumba yavunjwe, mbao na nguzo zikapelekwa zikielea kwenye mto Wei mpaka mto Huang He kuelekea mashariki. Majumba yale yalikuwa ya mbao juu ya udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo mji mkuu uliweza kufunguliwa kama kitanda ukahamishwa. Kuna walioufuta kabisa: Sui walipoiteka Jiankang, ambayo ni Nanjing ya zamani, mwaka 589, waliisawazisha ikawa mashamba.

Kitu ambacho vitabu vya shule vinakipitia juujuu, na kwangu ndicho injini ya hadithi yote, ni chakula. Bonde la Chang'an lina milima na mapito machache, kujilinda pale ni rahisi, ndio maana Liu Bang, mwanzilishi wa Han, alipotaka kukaa Luoyang mwaka 202 KK askari mmoja aitwaye Lou Jing alimshawishi aende huko. Lakini bonde lilelile halikuweza kulisha ikulu, maofisa na majeshi ya Tang, na nafaka kutoka mashariki ilibidi ipite maporomoko ya Sanmen kwenye Huang He, mahali palipovunja mashua nyingi. Mwaka ukiwa mbaya ikulu nzima inafungasha inakwenda Luoyang kula. Mfalme Zhongzong wa Tang alishauriwa aende akakasirika, akauliza kuna mfalme gani wa kufukuzia nafaka. Baada ya ofisa Pei Yaoqing kupanga upya usafirishaji mwaka 734, kwa maghala na vituo vya kupokezana, safari hizo zikakoma. Song wao wakaamua kwenda kukaa kabisa kwenye nafaka, Kaifeng, kwenye mfereji unaoleta nafaka. Mwanzilishi wao mwaka 976 alitaka kuhamia Luoyang, hata Chang'an, kwa sababu Kaifeng ni tambarare haina kinga, lazima uweke jeshi kubwa na jeshi kubwa linakula. Mdogo wake akampinga, wakabaki. Mwaka 1127 Wajurchen waliingia wakawabeba wafalme wawili, baba na mwana. Kaifeng hiyo leo iko chini ya matope ya Huang He, tabaka juu ya tabaka. Mafuriko mabaya kuliko yote ni ya 1642, wakati waasi wa Li Zicheng wameuzingira mji, na mpaka leo kila upande unaushutumu mwingine kwa kubomoa kingo za mto.

Ile hila niliyoisema ni ya mfalme Xiaowen wa nasaba ya Wei ya Kaskazini. Mwaka 493 aliondoka Pingcheng, Datong ya leo, na jeshi kubwa akisema anakwenda kupigana kusini. Walipofika Luoyang mvua haikatiki, maofisa wamechoka, wakapiga magoti mbele ya farasi wake wakimsihi aache vita. Akawaambia haiwezekani turudi mikono mitupu, kama hamtaki vita basi tunahamishia mji mkuu hapahapa. Wakakubali, maana vita waliviogopa zaidi.

Kuna mengine hatuna uhakika nayo na inabidi yasemwe hadharani. Chang'an ya Tang kuwa na watu milioni moja, namba hiyo inarudiwa kila mahali, mimi nina mashaka nayo, kwa sababu mitaa ya kusini ilikuwa mitupu kwa sehemu kubwa, watu wakilima humo. Erlitou, karibu na Luoyang, iliyogunduliwa 1959, wanaakiolojia wengi wa China wanaiita mji mkuu wa Xia, nasaba ya kale kabisa kwenye vitabu vyao, lakini hakuna maandishi hata kidogo yaliyopatikana pale ya kutuambia wakazi walijiitaje. Zhengzhou nayo ina kuta za kweli za nasaba ya Shang, za karibu kilomita saba, ila ni mji mkuu upi kati ya ile inayotajwa na vitabu vya kale, hapo wanabishana. Na hii orodha ya "miji mikuu nane ya kale" naomba msiichukulie kama andiko. Zamani ilikuwa ya mitano, Hangzhou ikaongezwa ikawa sita, Anyang ikaingia 1988, Zhengzhou 2004, na Datong nayo inataka. Kuna ushahidi humo, lakini kuna na hamu ya miji kupata jina na wageni. Hangzhou hiyohiyo, Song hawakuwahi kuiita mji mkuu kamili, waliiandika xingzai tangu 1138 mpaka walipoipoteza 1276, kwa sababu kukiri vingine ni kukiri kwamba Kaifeng imekwenda moja kwa moja.

Mwisho, kwa wale wanaosema hayo ni ya kale. Mwaka 1928 serikali ya chama cha Kuomintang ilihamishia mji mkuu Nanjing na Beijing ikarudi kuitwa Beiping. Wajapani walipokaribia mwaka 1937 serikali ikahamia Chongqing, ikarudi Nanjing 1946. Septemba 1949 Wakomunisti wakaamua makao yawe Beiping na kuirudishia jina la Beijing, huku serikali ya Kuomintang, ndani ya mwaka huohuo, ikitoka Nanjing kwenda Guangzhou, Chongqing, Chengdu, na Desemba Taipei. Na kwa miongo kadhaa baada ya hapo watoto wa shule Taiwan waliendelea kufundishwa kwamba mji mkuu wao ni Nanjing.