Je, wajua? Kwa Kiayalandi, herufi moja huamua nyumba ni ya nani

Kiayalandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, ndicho lugha rasmi ya kwanza ya Ayalandi kwa katiba ya 1937, ingawa wengi huko huzungumza Kiingereza. Lugha hiyo haina kitenzi cha kusema mtu ana kitu. Wosia wake basi huandikwaje?

Mswahili asicheke, kwani hata sisi hatuna. "Nina nyumba" ni kusema niko na nyumba. Wao husema *tá teach agam*, yaani nyumba ipo kwangu. Hiyo *agam* ni *ag* na *mé* zilizoungana, kama "na" na "mimi" zinavyozaa "nami". Kwa hiyo mrithi huachiwa mali "kwake": *D'fhág sé an teach le huacht ag a mhac*, aliiacha nyumba kwa wosia kwa mwanawe. Wosia ni *uacht*. H ya mbele huletwa na *le* ikikutana na irabu.

Mpangaji naye anaweza kusema *tá teach agam* bila kudanganya. Mwenye mali ana lake: *is liom an teach*, nyumba ni yangu, kwa *le* badala ya *ag*. Ukisoma wosia, angalia hapo kwanza.

Utamu hasa uko kwenye kijineno *a*. Ni "yake" ya mwanamume, "yake" ya mwanamke, na pia "yao". Chenyewe hakibadiliki hata kidogo; kinachobadilika ni kichwa cha neno linalofuata. *A theach* ni nyumba ya mume, *a teach* ya mke, *a dteach* yao wote. Masikioni ni karibu na "a hakh", "a chakh" na "a jakh", kwa kh ile ya sheikh. Sisi tukiandika "nyumba yake", msomaji abahatishe mwenyewe ni ya baba au ya mama.

Sarufi, hata hivyo, haimpi mume uhuru wote. Kwa Sheria ya Urithi ya 1965, *An tAcht Comharbais*, hata akiandika *a theach* na kumwachia mwanawe kila kitu, mjane ana haki ya kudai theluthi ya mali iliyoachwa, au nusu ikiwa marehemu hakuacha mtoto.