Mbuzi ya kununua haina alama: kuhusu kazi za mradi za masomo ya amali

Asalaam alaykum wazee wetu, na vijana mnaosoma hapa kwa simu za wazee.

Nimetakiwa na wenzangu kazini niandike kidogo kuhusu kazi za mradi skulini, yani kitu anachotengeneza mwanafunzi mwenyewe kwenye masomo ya amali (ya kazi za mikono) kama useremala, upishi na ushoni, mana malalamiko ya wazee ambao kazi za watoto wao zimekataliwa yamezidi na mengine yanafika kwa sheha kabla hayajafika kwa mwalimu mkuu, jambo ambalo kiutaratibu halifai lakini ndo tushalizoea. Haya ni maelezo ya jumla, si jawabu ya kesi ya mtoto wa mtu yeyote. Mwenye kesi yake njia nimeiweka huko chini.

Nianze na mfano, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mtoto asijulikane. Kijana wa useremala kachagua kutengeneza mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja. Chaguo zuri tu, mbao kidogo, chuma kidogo, na kila nyumba inatumika. Siku ya kukabidhi kaja na mbuzi safi wallahi, imepigwa msasa mpaka inateleza, vanishi inang'ara, ukiikalia haichezi. Mwalimu kamuuliza, boliti hii ya milimita ngapi? Kimya. Tundu lake umetoboa kwa keekee ya ngapi? Kimya. Haya, chukua kipande hiki cha mbao, piga mstari, kata tuone. Kakata, mstari ukenda huku na msumeno ukenda kule. Mzee wake alipokuja akauliza kwa hasira, "Lakini mwalimu, mbuzi si inakuna nazi?" Inakuna mzee wangu, tena vizuri. Ila aliyeitengeneza ni fundi wa mtaani, na fundi hatujamsajili mtihani.

(Kwa wanaotaka jawabu: boliti ya milimita 10 tundu lake ni kumi na nusu au kumi na moja, ukitoboa kumi kamili utaigonga kwa nyundo na mbao itapasuka. Mtoto aliyewahi kuipasua mbao mara moja hilo halisahau, na ndo maana tunataka aipasue yeye.)

Sasa alama zinatoka wapi. Zinatoka kwenye faili la mradi na kwenye karakana, kitu kilichomalizika ni kipande tu. Kwanza mchoro. Mbuzi ya urefu wa sentimita 60 unaichora kwa skeli ya 1:2, inakuwa milimita 300, inakaa kwenye karatasi ya A3 ambayo urefu wake ni 420, na nafasi ya vipimo inabaki. Wapo wanaochora kwa ukubwa wake wenyewe halafu karatasi ikiisha wanaunga nyengine kwa selotepu, tafadhalini. Muonekano wa mbele, wa ubavuni, wa juu, mistari ya kuanzia kwa penseli ya 2H na ya kumalizia kwa HB. Baada ya mchoro orodha ya vifaa na bei zake, halafu hatua za kazi, na kila hatua mwalimu anaiona kwa macho yake na kuitia saini kwa tarehe ya siku ile. Tarehe ya siku ile! Tumekuta faili lina saini tisa kwa wino mmoja na siku moja, hapo na mwalimu naye anaulizwa, asidhani tunamuonea mwanafunzi peke yake.

Ikishukiwa kazi si ya mtoto, hakuna kukimbilia kumfukuza wala kumtangaza mstarini. Anaulizwa maswali na mwalimu wa somo, anapewa kazi fupi afanye mbele ya watu wawili, yanaandikwa maelezo, na yeye anaandika yake kwa mkono wake, mwalimu mkuu anatia saini, mzazi anaitwa. Ikithibitika kazi inakataliwa, na kama muda upo anaanza upya, kama haupo basi kakosa alama za sehemu hiyo. Hayo ni ya ndani ya skuli. Ikifika kwenye mtihani wenyewe habari ni nyengine, mana mtihani wa kidato cha nne ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na Baraza hilo ni jambo la Muungano, sisi huku Zanzibar hatuna uwezo wa kumsamehe mtu. Wana mamlaka ya kufuta matokeo ya aliyefanya udanganyifu, na wakifuta wanafuta. Usije ofisini kwetu na baba mdogo wa mtu anayejuana na mtu.

Upishi ndo vichekesho zaidi. Mtoto anakuja na chapati alizopika mama usiku, zimefungwa kwenye kitambaa, bado zina joto! Somo la chakula na lishe linaangaliwa mpango wa muda, yani umeanza na nini kwa sababu kinachelewa kuiva, maji umetia jikoni saa ngapi, meza uliipangusa baada ya samaki au hukuipangusa. Chapati ya mama hatuna shaka nayo, tumeila. Na ushoni vilevile, kofia ya viua iliyoshonwa na bibi yake mtu tunaijua tukiitia jichoni tu.

Kuna hoja nyengine naipata sana hasa kutoka kaskazini, kwamba mafundi wa majahazi wa Nungwi wanaunda chombo kizima bila karatasi, sasa mtoto anachoreshwa mbuzi ya nini. Yule fundi mchoro anao kichwani, kauchukua kwa baba yake na kwa miaka ya kushika tezo. Msahihishaji hawezi kufungua kichwa cha mtoto, anafungua faili.

Na hili la kusema haya ni masomo ya waliofeli, nimechoka nalo kwa kweli. Daraja la kidato cha nne linapatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na pointi 7 mpaka 17 ndo divisheni wani. A ya ushoni ni pointi 1 na A ya fizikia ni pointi 1, kikokotoo hakijui dharau. Ni kweli ukitaka kwenda sayansi kidato cha tano watatizama fizikia na hesabu zako, hilo silifichi. Lakini huyo wa ufundi umeme naye anapiga hesabu hizohizo, birika la wati 3000 kwa umeme wa volti 230 linavuta ampea 13, na ndo mana ukilichomeka pamoja na pasi kwenye ekstensheni moja inanuka. Mwisho wa 2009 Unguja ilipokaa gizani kama miezi mitatu kila mtu alimtafuta fundi wa jenereta, sikusikia mtu akiuliza alipata divisheni ngapi.

Pia msichanganye. Vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kama Mkokotoni na Vitongoji ni kitu kimoja, masomo ya amali ndani ya skuli ni kitu chengine, na skuli za ufundi za Mikunguni na Kengeja nazo ni skuli, mtoto anasoma na mengine yote.

Kuhusu gharama, hapa nawaelewa wazee. Mbao hazikamatiki. Lakini hakuna anayetaka mninga mpya, vipande vilivyobaki kwa seremala vinafaa, mfenesi, mwembe, hata mbao ya kitanda kibovu, mradi iandikwe kwenye orodha imetoka wapi. Mpeni mtoto pesa ya mbao na msumeno uliokuwa na meno, basi. Kumsaidia kushikilia mbao nyumbani si kosa.

Malalamiko yanaanza kwa mwalimu wa somo, halafu mwalimu mkuu, halafu ofisi ya elimu ya wilaya, kwa barua, pamoja na kopi ya faili. Kwa barua nasema, si kwa vois noti.

Na waliokwishaagiza kwa fundi na advansi wameshatoa, kachukueni mbuzi yenu mkunie nazi. Mtoto Jumatatu aje karakana na kipande cha mbao.