Kwa nini kuku hula pilipili kichaa bila kuwashwa?

Mwenye mche wa pilipili kichaa karibu na banda la kuku anaijua vita yake. Zikianza tu kuiva, jogoo keshafika. Anaruka, anadonoa, anameza tatu nne, kisha anaendelea kuchakura kana kwamba amekula mtama. Mtoto akimwiga, nyumba nzima inakimbilia maziwa. Pilipili ni ileile, sasa mbona mmoja analia na mwingine anaongeza?

Wengi husema kuku hana ulimi wa kuonja. Kweli vionjio vyake ni vichache kuliko vyetu, lakini jibu haliko hapo, kwa sababu ukali wa pilipili si ladha kama chumvi au sukari. Ni maumivu. Pasua pilipili moja katikati uone ule utando mweupe ulioshika mbegu: humo ndimo kapsaisini, kemikali inayowasha, ilikojaa zaidi. Ikigusa mdomo wako hunasa kwenye protini ya mishipa ya fahamu iitwayo TRPV1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kutoa taarifa ya joto linalounguza, kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Ubongo unapokea habari kwamba mdomo unaungua, na jasho linakutoka ingawa hakuna kilichoungua. Ndiyo maana pia chai ya moto juu ya pilipili ni adhabu mara mbili.

Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2021. Mwaka 2002 yeye na Sven-Eric Jordt walieleza walichokiona kwenye protini ya kuku: joto inalihisi na asidi inaihisi, lakini kapsaisini haiiamshi. Kwa hiyo tusimsifu jogoo kwa uvumilivu. Hana anachovumilia.

Na mmea wenyewe unapata nini? Joshua Tewksbury na Gary Nabhan waliifuatilia pilipili mwitu huko Arizona, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Panya waliikwepa, na walipopewa aina isiyowasha, mbegu walizozitafuna hazikuota tena. Ndege walizila zile kali, na mbegu zikapita tumboni zikiwa nzima. Ukali unamfukuza mharibifu na kumwacha mpandaji aje. Kwetu ushahidi uko chini ya miembe na kando ya nyua, palepale ndege wanapotua: mche wa pilipili unachomoza na hakuna aliyeupanda. Kuku wako, kwa bahati mbaya, si mpandaji mzuri, maana firigisi yake yenye changarawe husaga mbegu nyingi.

Wamarekani wanaowawekea ndege wa porini chakula bustanini wamelitumia jambo hili. Huchanganya mbegu na unga wa pilipili ili kindi wasusie, na ndege wanakula bila habari.

Kuna faida nyingine utakayoiona kwenye kikaango. Kuku hawezi kujitengenezea rangi ya njano ya kiini. Huitoa kwenye chakula. Akilishwa mahindi meupe na pumba tupu, kiini kinapauka. Mpe mchicha, majani ya kunde au mahindi ya njano, kinarudi njano. Pilipili nyekundu ina rangi yake iitwayo kapsanthini, inayokisogeza kiini kuelekea rangi ya chungwa, na viwanda vya chakula cha mifugo hutumia rangi ya pilipili zisizowasha kwa kazi hiyohiyo. Lakini usidanganyike na rangi: kiini kilichokolea hakina protini zaidi kwa sababu hiyo.

Baadhi ya wafugaji huponda pilipili kwenye maji ya kunywa wakiamini inatibu kideri. Kideri, au mdondo, huletwa na virusi na hakina dawa. Kinga yake ni chanjo, ile ya tone la jichoni, inayorudiwa kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo. Mpe kuku pilipili kama mboga, ikiwa imebaki hata moja kwenye mche.