Ujumbe uliofutwa haufuti ushahidi

Kwa miaka mingi, kuanzia Majengo hadi Stendi ya Nane Nane hapa Dodoma, imeaminika kwamba muuza bangi au heroini akishafuta ujumbe kwenye simu yake, ushahidi umekwisha. Imani hiyo haina msingi imara. Mara nyingi anayefuta huondoa nakala yake tu, kwani ya mpokeaji hubaki ilipo, na malipo yaliyopita kwenye M-Pesa au mitandao mingine huacha kumbukumbu kwa mtoa huduma, mahali ambapo kidole cha muuzaji hakifiki. Laini yenyewe, nchini mwetu, husajiliwa kwa alama za vidole.

Wapo wanaotegemea usimbaji, yaani kugeuza ujumbe kuwa msimbo usiosomeka na wengine, na ni kweli kwamba huufanya ujumbe uwe mgumu kusomwa njiani. Lakini mwaka 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliingia ndani ya EncroChat, mtandao wa simu za ujumbe uliosimbwa uliopendwa na wahalifu, wakasoma mazungumzo yao. Mahakamani nako, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ingawa uhalisi wake sharti uthibitishwe, jambo ambalo naliona la haki kwa mshtakiwa.