Mfalme Hajaiaga Kyoto: dhana potofu kuhusu miji mikuu ya Japani

Mgeni wa juzi alinikatisha hata hatujafika kwenye lango la kasri la Kyoto. "Hapa ndipo palipokuwa mji mkuu mpaka 1868, walipopitisha sheria ya kuhamia Tokyo, au siyo?" Ninawatembeza Waswahili wenzangu Kyoto na Nara, wengi wao wamekuja Japani kwa masomo au biashara ya magari, na maneno hayo nayasikia karibu kila safari. Safari hii nayaandika. Atakayeuliza tena nitamwonyesha simu.

Sheria hiyo haipo. Kilichotoka mwaka 1868 ni tamko la Mfalme Meiji kwamba Edo sasa itaitwa Tokyo, yaani mji mkuu wa mashariki, kwa kuwa yeye anaitazama nchi nzima, mashariki na magharibi, kama nyumba moja. Kwamba Kyoto imevuliwa cheo, halikusemwa. Wala si kwamba walisahau. Mapema mwaka huohuo Okubo Toshimichi, mmoja wa viongozi wa serikali mpya, alipendekeza mfalme ahamie Osaka, makabaila wa Kyoto wakaja juu, wazo likafa. Serikali bado changa, vita na wafuasi wa shoguni, mtawala wa kijeshi aliyeng'olewa, havijaisha, ikaona heri kulikwepa kabisa neno "kuhama". Wajapani wana maneno mawili hapa: sento ni kuhamisha mji mkuu, tento ni kuuweka mahali. Tukio la Tokyo wengi huliita tento, na wanajua kwa nini.

Basi mfalme alisafiri tu. Novemba 1868 kijana huyo wa miaka 16 aliingia ngome ya Edo akiwa amebebwa kwenye machela. Mwanzoni mwa 1869 akarudi Kyoto, akaoa. Miezi michache baadaye akaondoka tena, na safari hii ofisi kuu za serikali zikamfuata. Vuli ilipofika ikawa zamu ya malkia kufunga mizigo, na watu wa Kyoto wakajaa barabarani kupinga. Hakuna aliyewatangazia kuhama, lakini mke akishafuata na mizigo, nani asiyeelewa? Wakatulizwa kwa maneno. Mpaka leo kuna utani wa wenyeji kwamba mfalme katoka kidogo tu, yuko Tokyo, atarudi.

Utani huo una mzizi. Kiti cha kutawazia, takamikura, makao yake bado ni Kyoto, ndani ya ukumbi wa Shishinden. Sheria ya nyumba ya kifalme ya 1889 iliagiza mfalme atawazwe Kyoto, na ndivyo ilivyofanyika mwaka 1915 na 1928. Akihito alipotawazwa Tokyo mwaka 1990, kiti kilisafirishwa kumfuata, kikarudishwa; kwa Naruhito, 2019, vivyo hivyo. Katiba ya 1947 haitaji mji mkuu hata mara moja. Sheria ya 1950 ya ujenzi wa mji mkuu iliitaja Tokyo, nayo ikafutwa 1956.

Najua kosa linakotoka. Mtanzania ameizoea Dodoma: chama kiliamua 1973, sheria ikaja 2018, kila jambo na tarehe yake. Anataka na Japani impe tarehe. Ila msinigeuzie maneno mkaanza kudai Tokyo "si mji mkuu halali", maana na hilo nimelisikia, tena kwa sauti ya kujiamini. Mfalme yuko Tokyo, Bunge liko Tokyo, Mahakama ya Juu iko Tokyo. Ni mji mkuu kwa matendo na kwa mazoea, na nchi haijaanguka kwa kukosa karatasi.

Mengine ni mepesi. Kyoto kuwa mji mkuu wa kwanza? Hapana. Fujiwara ilianza 694, Nara 710, Nagaoka 784, ndipo ikaja Kyoto 794. Kabla ya Fujiwara kasri lilihamahama, mara nyingi kwa kila mtawala mpya, hasa bonde la Asuka. Mfalme Shomu peke yake, kati ya 740 na 745, alizunguka Kuni, Shigaraki na Naniwa kabla ya kurudi Nara. Na wanaodai Kyoto ilikaa zaidi ya miaka elfu bila kukatizwa wamemsahau Taira no Kiyomori, mkuu wa ukoo wa wapiganaji, aliyeikokota ikulu mpaka Fukuhara, Kobe ya leo, mwaka 1180, kwa takriban nusu mwaka.

Kamakura? Makao ya shoguni. Mfalme alibaki Kyoto. Edo ya mashoguni wa ukoo wa Tokugawa, jibu ni lilelile.

Kwamba Tokyo ni Kyoto iliyogeuzwa silabi: "kyo" ni herufi ileile, lakini "to" ya Tokyo ni mashariki na "to" ya Kyoto ni mji mkuu. Masikio yamewadanganya.

Halafu kuna wanaokuja Kyoto kuuona mji wa Heian, yaani Kyoto ya kale. Kasri la leo halipo hata mahali pa lile la kwanza, na majengo yake ni ya 1855. Rajomon, lango kuu la kusini, lilianguka 980 na halikujengwa tena. Pale pamebaki nguzo ya jiwe katikati ya kiwanja cha watoto, kando yake bembea ya kuteleza. Wageni huninunia kana kwamba nimeliiba.

Mkitaka kuona mji mkuu wa kale, nendeni Nara, na msiishie kulisha paa biskuti. Shukeni stesheni ya Yamato-Saidaiji mtembee mpaka uwanja wa kasri la Heijo, yaani la Nara ya kale, ambako treni ya Kintetsu inakatiza katikati. Humo udongoni vimepatikana vibao vya mti vya makarani: lebo za kodi, nyingine za chumvi kutoka jimbo la Wakasa. Kibao kikijaa, karani alikikwangua kwa kisu akaandika upya, na hata yale makwangulio membamba, yenye vipande vya maandishi, wachimbaji wameyaokota kwa maelfu. Nikiwaambia hivyo wateja, wanauliza paa wako upande gani.